Ultrasaundi ni sauti, jamani, si mionzi

Swali hili haliishi kwenye jumbe za wasomaji: mjamzito akipigwa ultrasaundi mara tatu, mionzi haitamdhuru mtoto?

Mionzi ipi? Tumezoea kuita hivyo kila kinachopenya mwili na kutoa picha. Eksirei ni mionzi kweli: ni ndugu wa mwanga, haihitaji kitu cha kupitia, na inaweza kuharibu vinasaba. Ndiyo maana mwanamke huulizwa kwanza kama ana mimba. Ultrasaundi ni sauti tu, ila nyembamba mno kwa masikio yetu. Sisi huishia mitetemo 20,000 kwa sekunde; kifaa cha tumboni hutoa milioni 2 hadi 5.

Na sauti isipopata kitu cha kutikisa haifiki popote. Hapo ndipo inapoingia ile jeli ya baridi, ambayo wengine huniapia kuwa ni dawa. Si dawa. Sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde hewani, lakini 1,540 kwenye nyama laini. Hewa na nyama zimetofautiana mno, kiasi kwamba zinapokutana, zaidi ya asilimia 99 ya sauti hugonga na kurudi. Hewa kidogo tu chini ya kifaa, picha hakuna. Jeli huifukuza hewa hiyo. Huko ndani, kila mpaka wa maji, nyama au mfupa hurudisha mwangwi wake. Ule wa kina cha sentimita 10 hurejea baada ya sehemu 130 hivi za milioni ya sekunde. Mashine hugeuza muda kuwa umbali, na umbali kuwa picha. Gesi ya utumbo huivuruga sauti, maji huipitisha. Ndiyo maana mimba ikiwa changa unaambiwa ubane mkojo.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kipimo kimoja kabla ya wiki 24. Daktari akikuita tena, nenda. Kwa kuwa sauti hiyo hupasha mwili joto kidogo, usipigwe kwa ajili ya picha za kumbukumbu.

Sasa yule anayekushikisha fimbo ya chuma, kompyuta ikatema karatasi ya “mawimbi” ya ini, figo na kizazi, kisha akakuuzia makopo ya dawa: mwulize ni wimbi gani, linapita wapi, linarudije. Ultrasaundi hukwamishwa na hewa kiduchu. Mashine yake haijawahi kukwama popote, na hapo ndipo ungepaswa kushtuka.