Kitufe Kilichofichwa na Kibodi

Programu ninayoitengeneza ni ya wanunuzi wa kamba wa Nyamisati, wilayani Kibiti, wanaopokea mzigo kutoka vijiji vya delta ya Rufiji. Mnunuzi anapima, anaandika kilo, anabonyeza HIFADHI. Lakini akigusa tu sehemu ya kuandikia, kibodi inapanda na kufunika nusu ya skrini, na kitufe kilichokaa chini hakionekani tena. Mama mmoja aliniuliza, mkono mmoja ukiwa kwenye mzani: “Mwanangu, hicho cha kuhifadhia kimekwenda wapi?”

Kila kilichopo kwenye skrini kinakaa mahali pake kwa masharti. Sharti moja linasema kitufe kiwe nukta 16 juu ya ukingo wa chini, jingine kiwe katikati. Simu huyakokotoa yote kwa pamoja. Hesabu hiyo, Cassowary, ilibuniwa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, miaka ya 1990. Apple waliileta kwenye iPhone mwaka 2012. Google wakatangaza ConstraintLayout ya Android, inayotumia hesabu hiyohiyo, mwaka 2016.

Uzuri wake ni kwamba msimbo unaweza kuyabadilisha masharti hayo programu ikiwa inatumika. Kibodi ikipanda, mfumo unaiarifu programu urefu wake. Msimbo unalishika sharti la chini, unajumlisha urefu huo na zile 16, kisha unaagiza ukurasa upangwe upya. Kibodi ikishuka, 16 inarudi. Ndivyo afanyavyo nahodha gatini maji yakipwa: hulegeza amari ileile, hafungi nyingine.

Hapa nawasihi vijana wanaojifunza kazi hii. Wengi huongeza sharti jipya na kuliacha la zamani likifanya kazi. Moja linapandisha kitufe, jingine linakivuta chini, na yote yana kipaumbele cha 1000, yaani ni ya lazima. iPhone italivunja mojawapo, wala haitakuuliza lipi. Lihifadhi sharti lako tangu mwanzo, lipe jina, ubadilishe namba yake tu.

Kuna mahali namba haitoshi. Wazee hukuza maandishi, na “Uzito” na “Bei kwa kilo” haziwezi tena kukaa ubavu kwa ubavu. Basi huandaa seti mbili: nazima kwanza masharti ya mlalo, ndipo nawasha ya wima, na bei inashuka chini ya uzito. Kabla ya kutoa toleo jipya nalijaribu kwenye simu ya bei ndogo, yenye skrini fupi, maandishi yakiwa yamekuzwa hadi mwisho.