Mwendo wa Kerezo Ulingane na Ukubwa wa Mti

Jioni moja, katika karakana iliyo nyuma ya nyumba za askari, seremala mmoja alifunga kipande cha mwembe chenye upana wa inchi 12 kwenye kerezo lake, akawasha umeme. Kabla hajaishika patasi, mti ulichomoka, ukampita begani na kutoboa bati la ukuta. Mkewe alikuwa mlangoni ameshika birika la chai. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia. Nami nilikuwapo, na sababu tuliiona mara moja: asubuhi alikuwa akikereza miguu ya vigoda, na mkanda aliuacha kwenye puli ya mwendo wa kasi.

Kerezo, kama wajuavyo wengi, ni mashine ya kuuzungusha mti ili patasi iupe umbo la mviringo. Mguu wa kigoda wenye upana wa inchi 2, ukizunguka mara 2,000 kwa dakika, ukingo wake huenda kilomita 19 kwa saa. Kipande cha inchi 12 kwa mizunguko hiyo hiyo, ukingo wake hukimbia kilomita 115 kwa saa. Ndiyo maana wakerezaji hutumia hesabu hii: chukua 6,000 hadi 9,000, ugawanye kwa inchi za upana wa mti. Bakuli la inchi 12 lapata mizunguko 500 hadi 750. Gogo ambalo bado halijalingana pande zote lianze chini ya hapo.

Makerezo mengi hubadilishwa mwendo kwa kuhamisha mkanda kutoka puli hadi puli. Ni njia njema, ila mtu mwenye haraka huona uvivu kuufungua mkanda kila mara. Wakerezaji wa zamani walioendesha kerezo kwa mguu hawakuwa na taabu hiyo, kwani mguu wenyewe ulipunguza au kuongeza mwendo. Je, mota ya umeme yaweza kutii vivyo hivyo?

Yaweza, lakini si kila mota. Wako wanaojaribu kuifungia mota ya kawaida ya nyumbani, ile yenye kapasita, kidhibiti cha feni ya darini. Jambo hilo halifai. Mota hupoteza nguvu, huunguruma, hupata joto, na mwisho huungua. Mwendo wake hautokani na wingi wa volti tu, bali na umeme wenyewe, ambao katika nchi zetu hugeuka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Mota yenye ncha nne za sumaku hufuata mapigo hayo na kuzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika. Ukitaka mwendo upungue, hapana budi mapigo yapunguzwe.

Kazi hiyo hufanywa na kidhibiti-mwendo cha kielektroniki. Hupokea umeme wa fezi moja wa nyumbani, huugeuza kuwa umeme mnyoofu kama wa betri, kisha huutoa tena ukiwa wa fezi tatu kwa hezi uzitakazo. Kwa hiyo mota nayo iwe ya fezi tatu. Soma kibati chake kabla ya kutoa fedha: kikionyesha volti 230 na 400, ifungwe kwa muungo wa pembetatu, si wa nyota, nayo itakubali. Iliyoandikwa volti 400 peke yake iache dukani. Ampia za kidhibiti zisipungue zile za mota.

Wengi hukosea hapa: wakishapata kidhibiti, hutupa puli zao. Mota ikiendeshwa kwa hezi chache, nguvu yake hupungua, na feni iliyo kwenye mhimili wake huzunguka polepole mno kuipoza. Afadhali ibaki kati ya hezi 20 na 60, yaani mizunguko 580 hadi 1,740. Puli zinazopunguza mwendo kwa nusu zitakupa 290 hadi 870 kwa mabakuli. Nyingine za kuongeza zitakupa kama 800 hadi 2,400 kwa miguu ya viti. Mkanda utahamishwa mara moja kwa kazi nzima.

Ufungaji wa nyaya mwachie fundi umeme. Waya wa ardhi ufike kwenye mota na kwenye chuma cha kerezo. Kati ya kidhibiti na mota isiwekwe swichi yoyote. Kuwasha na kuzima kuamriwe kwenye kidhibiti chenyewe, na kitufe chekundu cha kusimamisha kiwe mahali mkono ufikapo bila kuuvuka mti. Hata umeme ukikatwa, kapasita za ndani hubaki na umeme wa kuua. Ngoja muda ulioandikwa kwenye kifaa, aghalabu dakika 5 hadi 10, kabla ya kukifungua. Vumbi la mbao ni adui yake, hivyo kiwekwe mbali na patasi, lakini kipate hewa.

Mwagize fundi apange mwendo upande na kushuka taratibu. Kerezo likisimamishwa ghafla, sahani iliyoshika bakuli yaweza kujifungua kwenye skurubu zake na kuruka. Kwa sababu hiyo hiyo usigeuze mzunguko kinyume, isipokuwa sahani ina kifungo chake.

Seremala wetu alifungiwa kidhibiti baada ya kuuza meza mbili. Tobo la ukutani amelifunika kwa kipande cha bati, na juu yake ameandika kwa chaki inchi na hezi zake. Siku ya kwanza alifunga gogo la mwembe la inchi 12, akasimama kando, akaanza kwa hezi 20. Gogo lilitikisika kidogo, likatulia, naye akaishika patasi.