Mahali pa Kusikiliza na Mahali pa Kusema

Wakazi wengi hudhani kuwa Baraza la Madiwani hukutana faraghani na kwamba mlango wake hufunguliwa kwa barua ya mwaliko tu. Sivyo. Mkutano wa kawaida wa Baraza, unaofanyika kila baada ya miezi mitatu, ni wa wazi. Mkazi anaweza kuingia, kuketi na kusikiliza. Asichoweza ni kusimama na kuchangia hoja. Humo huzungumza madiwani, na wataalamu hujibu wanapotakiwa.

Mahali pa kusema pako karibu zaidi na nyumbani: Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inautambua kuwa ndicho chombo cha juu cha uamuzi kijijini. Halmashauri ya kijiji, pamoja na mwenyekiti wake, hutekeleza kwa niaba ya mkutano huo.

Uzito wa jambo hili huonekana hasa katika ardhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila pasipo kwanza kupata idhini ya Mkutano Mkuu. Malisho, kisima au njia ya mifugo vyaweza kubadilishiwa matumizi kwa kunyoosha mikono alasiri moja. Anayefika baada ya vigingi kusimikwa huwa amebakiwa na baraza la ardhi au mahakama, na njia hizo ni ndefu na zina gharama.

Kusema pekee hakutoshi, hoja iandikwe. Kabla ya kutawanyika, ni haki na busara kumwomba Mtendaji wa Kijiji asome kilichoingizwa katika muhtasari. Malalamiko yanayozungushwa kwenye simu, hata yakiwa ya haki kabisa, si sehemu ya muhtasari huo, na Kamati ya Maendeleo ya Kata, anakoketi diwani pamoja na wenyeviti wa vijiji, hufanyia kazi kilichowasilishwa kwake.

Wakati nao una nafasi yake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo ya bajeti hukamilishwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Ombi la zahanati au kivuko linalotolewa mwezi Mei kwa kawaida husubiri mwaka unaofuata.

Taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji husomwa mkutanoni. Isiposomwa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuiomba kwa maandishi, na ofisi husika inapaswa kumjibu ndani ya siku 30.