Ulalo wa Tela la Farasi

Wako wafasiri wanaouita ngazi ule mlango wa nyuma wa tela la farasi unaoshushwa hadi chini ili mnyama apite juu yake. Si sawa, ngazi ina vidato. Afadhali uitwe ulalo, kama gogo la kuvukia kijito.

Lakini neno hili lisitiwe pasipo kitu. Uingereza ulalo ndio desturi. Marekani matela mengi hayana, farasi hupanda kwa hatua moja. Farasi mzee au mwenye kuumwa mguu huuhitaji. Pasipo ulalo, akishuka kinyumenyume, mguu waweza kuteleza ukaingia chini ya tela. Nao ulalo ni mzito, tena ukilowa huteleza usipotandikwa mpira. Basi aandikaye hati ya zabuni aseme wazi: tela lenye ulalo, au tela la kidato.