Hesabu za GRE: wahitimu wa Kongo wanazijua, ila maswali yake hawajayazoea

Mhitimu wa uchumi au wa uhandisi kutoka Bukavu, Goma ama Lubumbashi anayetaka kusoma master au udaktari nchini Marekani, mapema au baadaye anakutana na herufi tatu: GRE. Ni mtihani wa kuingilia masomo ya juu, unaotungwa na shirika la ETS la Marekani. Katika nchi nyingi unalipiwa dola 220. Kwa wengi mashariki mwa Kongo hizo ni zaidi ya mshahara wa mwezi, na hakuna anayerudishiwa pesa kwa sababu alama zake zimetoka mbaya.

Ni kweli kwamba tangu mwaka 2020, wakati wa janga la Covid-19, idara nyingi za vyuo vikuu vya Marekani ziliacha kuulazimisha mtihani huu. Lakini katika uchumi idara nyingi bado zinauomba, na kwingine wanasema ni hiari. Neno hilo hiari lisimdanganye mtu wa Kongo. Kwetu anayepata asilimia 70 anapewa distinction na familia inafanya sherehe. Marekani asilimia 70 ni alama ya mwanafunzi wa wastani, tena wa wastani wa chini. Kamati inayosoma faili la mtu wa chuo ambacho haijawahi kukisikia haina njia rahisi ya kujua kwamba hiyo 70 ilipatikana kwa jasho. Alama nzuri za hesabu za GRE ni kitu ambacho kamati hiyo inaweza kukilinganisha na wengine wote bila kueleweshwa.

Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, sasa unachukua saa moja na dakika 58. Hesabu zina vipande viwili: maswali 12 kwa dakika 21, kisha maswali 15 kwa dakika 26. Kila swali linapata takriban dakika moja na sekunde 45. Alama zinaanzia 130 na kuishia 170. Kipande cha pili kinakuwa kigumu au chepesi kulingana na jinsi mtahiniwa alivyojibu cha kwanza, na anayeanza ovyo hawezi kufika juu hata akiamka baadaye.

Na ndani mna nini? Hesabu za kawaida, aljebra, jiometria, na takwimu pamoja na uwezekano. Hakuna trigonometria, derive wala integrali. Mwanafunzi aliyepita seksheni ya matematika-fizikia na kupata diploma ya serikali amekwisha kukutana na magumu kuliko hayo akiwa na umri wa miaka 18. Hata aliyesoma biashara au pedagojia amegusa karibu yote, ingawa huenda ameyasahau.

Hapo ndipo wengi wanapokosea maandalizi. Wanatafuta vitabu vigumu zaidi vya hesabu, wanarudia analizi ya mwaka wa kwanza wa chuo, wanajaza madaftari. Mtihani huu haupimi urefu wa demonstresheni. Unapima kama mtu amesoma vizuri kilichoandikwa, kwa Kiingereza, akiwa na haraka.

Swali ambalo jibu lake ni “haiwezekani kujua”

Aina moja ya maswali ni ngeni kabisa kwa aliyesomea mfumo wetu. Mtahiniwa anapewa viasi viwili, A na B. Haombwi kukokotoa chochote. Anaulizwa tu: A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au habari iliyotolewa haitoshi kujua?

Mfano: x ni kubwa kuliko sifuri. Kiasi A ni x, kiasi B ni x mara x. Kipi kikubwa?

Mtu mwenye haraka anaweka 2 mahali pa x. Mbili mara mbili ni nne, basi B ni kikubwa, anaendelea na safari. Amekosa. Akiweka nusu, nusu mara nusu ni robo, na robo ni ndogo kuliko nusu, kwa hiyo A ndicho kikubwa. Akiweka 1, vinalingana. Jibu sahihi ni la nne: haiwezekani kujua.

Shuleni kwetu mwalimu akiandika zoezi ubaoni, jibu lipo. Mwanafunzi asiyelipata anajua kosa ni lake. Kijana aliyelelewa hivyo kwa miaka 12 anaona aibu kuandika kwamba swali halijibiki, anadhani ni uvivu. Katika GRE ni jibu kama majibu mengine, na linatokea mara kwa mara. Dawa yake ni mazoea: kabla ya kuamua, jaribu sifuri kama inaruhusiwa, moja, sehemu ndogo kama nusu, namba hasi, kisha namba kubwa. Majaribio mawili yakitoa majibu tofauti, kazi imekwisha. Hakuna haja ya kuthibitisha zaidi.

Michoro nayo ni ya kuangalia. Pembetatu na duara za GRE hazikuchorwa lazima kwa vipimo vya kweli, na pembe inayoonekana ya mraba si ya mraba mpaka iandikwe hivyo. Grafu za takwimu na za mistari ya x na y, hizo zinaaminika.

Kifaransa kinapokuponza

Mtego mkubwa zaidi hauko katika vitabu vingi vya maandalizi, kwa sababu vingi viliandikiwa Wamarekani. Ni mtego wa mtu aliyejifunza hesabu kwa Kifaransa.

Chukua neno “positif”. Katika vitabu vingi vya hesabu vya Kifaransa, sifuri imo ndani: ni positif na négatif kwa pamoja, na mwandishi akitaka kuitoa anaongeza “strictement”. Kwa Kiingereza neno “positive” linaiacha sifuri nje. Herufi zinakaribia kufanana, maana si moja.

Sasa soma swali hili: n ni namba nzima, ni “positive”, na ni ndogo kuliko 2. Kiasi A ni n, kiasi B ni 1. Anayefikiri kwa Kiingereza anaona n ni 1 tu, basi viasi vinalingana. Anayefikiri kwa Kifaransa anaona n inaweza kuwa 0 au 1, anachagua “haiwezekani kujua”. Hesabu zake hazina kosa hata moja, lakini alama amepoteza.

Koma ni hatari vilevile. Alama 1,250 kwetu ni moja na robo. Katika GRE ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kuna maswali ambayo mtahiniwa hachagui jibu bali analiandika mwenyewe kwenye kisanduku, na hapo desimali inaandikwa kwa nukta. Mkono uliozoea koma kwa miaka ishirini haubadiliki asubuhi ya mtihani. Unabadilika kwa kuandika nukta kila siku kwa wiki kadhaa, hata kwenye hesabu za sokoni.

Halafu kuna majedwali yenye “billion”. Kwa Kiingereza cha leo hiyo ni milioni elfu moja, yaani ile Wafaransa wanayoiita milliard. Billion ya Kifaransa ni kubwa mara elfu zaidi. Hapa Kiswahili kinasaidia: bilioni ya redio zetu za Kiswahili ni ileile ya GRE. Anayesikiliza habari za bajeti kwa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko anayezisoma kwa Kifaransa tu.

Vipimo vya Marekani pia vinajitokeza: futi, inchi, maili. Inchi hiyo ni kipimo, si nchi kama wengi wanavyoiandika huku Kivu. Futi moja ina inchi 12.

Mashine ya kuhesabu ipo, lakini

Tofauti na GMAT, mtihani ambao shule nyingi za biashara zinautumia na ambao sehemu yake ya hesabu hairuhusu mashine, GRE inamwekea mtahiniwa mashine ndogo ya kuhesabu kwenye skrini. Inajumlisha, inatoa, inazidisha, inagawanya na kutafuta kipeuo cha pili. Wengi wanaishika kama fimbo ya kipofu, na muda unawaishia.

Swali mojawapo: tarakimu ya mwisho ya 3 iliyozidishwa yenyewe mara 50 ni ipi? Mashine haina nafasi ya namba ndefu namna hiyo. Kinachotakiwa ni kuangalia mwanzo: 3, 9, 27, 81, 243. Tarakimu za mwisho ni 3, 9, 7, 1, kisha 3 tena. Zinazunguka kila baada ya nne. Hamsini ukiigawa kwa nne inabaki mbili, na ya pili katika mzunguko ni 9. Sekunde thelathini zimetosha.

Asilimia nazo zinafaa kufanywa kwa kichwa. Bei imepanda asilimia 25, kisha ikashuka asilimia 20. Imebadilika kwa kiasi gani? Weka bei ya mwanzo 100. Inapanda hadi 125. Asilimia 20 ya 125 ni 25, bei inarudi 100. Haijabadilika. Wanaobadilisha pesa barabarani Goma wanaishi kwa hesabu za namna hiyo toka asubuhi hadi jioni, bila karatasi.

Na lile la zamani la gari: linakwenda kwa kilomita 60 kwa saa, linarudi njia ileile kwa kilomita 40 kwa saa. Wastani wa mwendo? Jibu 50 huwa limewekwa pale kati ya machaguo, likimngoja mwenye haraka. Tuseme njia ina kilomita 120: kwenda saa mbili, kurudi saa tatu. Kilomita 240 kwa saa tano ni 48.

Jambo moja ambalo halihitaji hesabu: jibu baya halipunguzi alama. Swali lisiachwe tupu. Ndani ya kipande kimoja mtahiniwa anaruhusiwa kuweka alama kwenye swali, kuliruka na kulirudia, kwa hiyo anayekaa dakika nne juu ya swali moja anajinyima mawili mengine ambayo angeyaweza.

Vifaa na chumba

Maandalizi ya kutosha yanapatikana bure. ETS yenyewe inatoa kijitabu cha kurudia hesabu zote zinazoulizwa, pamoja na mitihani miwili ya majaribio inayoitwa POWERPREP, iliyojengwa kama mtihani wenyewe. Masomo ya video ya Khan Academy pia hayalipiwi. Kwa mtu wa Kongo inafaa kusoma hesabu hizo kwa Kiingereza toka siku ya kwanza, hata kama polepole, kuliko kuzifanya kwa Kifaransa na kusubiri kuzitafsiri mbele ya skrini. Jaribio moja la POWERPREP liachwe kwa wiki ya mwisho. Wanaolimaliza mwanzoni kwa udadisi hubaki bila kipimo cha kuaminika.

Mtihani unaweza kufanyiwa katika kituo au nyumbani kwa kompyuta yenye kamera. Wa nyumbani unavutia kwa sababu unaondoa nauli na, kwa wengine, kuvuka mpaka. Lakini masharti ni makali: chumba cha peke yako, mlango umefungwa, msimamizi anakuangalia kupitia kamera, na intaneti isiyokatika. Karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Hesabu zinaandikwa kwenye kibao cheupe kidogo au karatasi iliyo ndani ya plastiki, kwa kalamu inayofutika. Nani atahakikisha SNEL haitakata umeme kwa saa mbili? Kompyuta yenye betri nzuri si ya hiari, na pa kuunganishia intaneti pawe pawili.

Alama zikitoka chini, mtu anaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, hadi mara tano katika miezi 12, kila mara kwa malipo mapya. Zikitoka nzuri, zinabaki halali kwa miaka mitano.