Sidiria Baada ya Upasuaji wa Titi: Kidonda Kwanza, Umbo Baadaye

Mwanamke anayerejea nyumbani baada ya upasuaji wa titi, iwe ametoka Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, KCMC ya Moshi au kwingineko, huwa na maelekezo kuhusu dawa, kidonda na tarehe ya kliniki. Suala la sidiria laweza kusahaulika. Hapo ndipo mmoja huvaa ya zamani inayobana ili watu wasitambue, na mwingine huacha kabisa kuivaa. Njia zote mbili zaweza kumletea maumivu. Kanuni ya kufuata ni moja: sidiria ichaguliwe kulingana na hali ya kidonda, na umbo lifuate baadaye.

Majuma ya mwanzo

Katika kipindi hiki kifua huwa kimevimba na mkono wa upande uliopasuliwa hauinuki vizuri. Inayofaa ni sidiria ya pamba, isiyo na waya, yenye mikanda mipana na vifungo vya mbele, ili ivaliwe bila kuinua mikono. Aliyeondolewa uvimbe tu, titi likabaki, huhitaji sidiria inayolishikilia vyema, kwani titi linalotikisika huvuta mshono. Daktari aweza kumwagiza aivae hata usiku. Aliyeondolewa titi zima aweza kuvaa blauzi iliyolegea hadi mrija wa kutolea majimaji uondolewe na aruhusiwe kuvaa sidiria. Kukaza kanga kifuani hakufai, kwa kuwa hubana kidonda na mrija.

Kipimo na ngozi

Kipimo cha zamani hakitegemewi tena. Futi kamba ya fundi izungushwe upya chini ya matiti. Mkanda unaofaa huruhusu vidole viwili kupita chini yake, wala haupandi mgongoni mikono inapoinuliwa. Sidiria mpya ijaribiwe nyumbani kwa nusu saa. Alama nyekundu zisizofutika upesi ni dalili kwamba inabana. Aliyeondolewa tezi za kwapani awe mwangalifu zaidi, kwa sababu maji ya mwili huweza kukusanyika mkononi na kuuvimbisha, na mikanda myembamba inayochimba bega huzidisha tatizo hilo.

Anayepata tiba ya mionzi, kama ile inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ngozi yake huchubuka kwa urahisi. Avae pamba laini isiyo na waya wala leisi, na ngozi ikichubuka aivue na kumwona mhudumu wake wa afya. Sidiria za mitumba ziepukwe. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limekataza uuzaji wa nguo za ndani zilizotumika kwa ajili ya kulinda afya, na ngozi yenye kidonda huhitaji kinga hiyo zaidi.

Titi la kushonwa

Titi moja likiondolewa, uzito wa kifua hauwi sawa. Mwili huegemea upande mmoja, na bega, shingo na mgongo huweza kuuma, hasa kwa mwenye matiti makubwa. Titi bandia la silikoni kwa kawaida huvaliwa baada ya majuma 6 hadi 8, kidonda kikiwa kimepona na daktari ameridhia. Kabla ya hapo, au kwa asiyemudu gharama yake, lipo la kitambaa.

Fundi cherehani wa mtaani aweza kushona kifuko cha pamba chenye umbo la titi na kukijaza pamba safi au sufi. Kifuko hicho ni chepesi na hupanda juu. Kwa hiyo, kovu likishapona kabisa, huwekwa ndani yake, upande wa chini, kijifuko cha mtama mkavu hadi uzito ukaribiane na wa titi lililobaki. Mtama hutolewa kabla ya kufua, na hubadilishwa mara kwa mara usiingie wadudu. Fundi huyohuyo aweza kushona mfuko ndani ya kikombe cha sidiria ya kawaida, ili titi hilo lisitoke mama anapoinama shambani au anapofua.

Safarini na nyumbani

Katika safari ya kliniki, kanga iliyokunjwa iwekwe kati ya kovu na mkanda wa gari. Mkanda wenyewe usiachwe. Ndoo ya maji, kuni na mkungu wa ndizi vibebwe na wengine nyumbani hadi daktari atakaporuhusu.

Dalili za kurudi kituoni

Mgonjwa asisubiri tarehe ya kliniki akiona homa, usaha, wekundu unaosambaa, majimaji yanayojaa chini ya mshono, mkono kuvimba, au kivimbe kipya kifuani au kwapani. Aende mara moja katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akiwa na karatasi alizopewa hospitalini. Siku ya kliniki aende pia na sidiria yake, ili muuguzi aikague ikiwa imevaliwa.