Mtoto Akiuliza, Msimcheke

Wazazi wapenzi, fikirini mtoto aliyetumwa kununua maharage sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Amerudi, mama ameyabandika motoni, na saa zinapita. Mtoto ana njaa, naye anauliza: "Mama, mbona kwa bibi kule Kyela maharage huiva upesi, na hapa kwetu yanachelewa hivi?" Mama amechoka. Anamjibu: "Acha maneno yako, chochea moto."

Mtoto achochee moto, ni kweli, kwa kuwa ameagizwa. Lakini katika jambo hili mtoto ndiye aliye karibu na elimu kuliko mama. Mbeya iko juu, kama meta 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kyela iko chini, karibu na Ziwa Nyasa, kama meta 500 tu. Hewa nayo ina uzito, na kadiri tunavyopanda milima ndivyo uzito huo unavyopungua juu ya sufuria zetu. Kwa hiyo maji ya Mbeya huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi za sentigredi, na yale ya Kyela yafikapo karibu nyuzi 98. Na maji yakisha kuchemka, hata ukiongeza mzigo mzima wa kuni hayazidi kupata moto. Yanageuka mvuke tu. Ndiyo maana maharage yetu yanachelewa. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha na kufunika sufuria vizuri, au kutumia sufuria ya presha. Kuchochea moto kupita kiasi ni kupoteza kuni bure.

Basi swali la mtoto mwenye njaa limetufikisha mbali. Na katika nchi yetu liko swali jingine la mwanafunzi, lililoanza kwa tamaa ya aiskrimu, likachekwa Iringa, na leo linajulikana dunia nzima.

KIJANA NA MAZIWA YAKE

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walizoea kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakaacha yapoe, kisha wakayaweka katika friji ya shule. Nafasi ya friji ilikuwa haba na watoto walikuwa wengi. Siku moja Mpemba aliona mwenzake anawahi nafasi kwa kutia maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Yeye akaogopa kukosa chombo cha mwisho, akayatia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda; ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba akanyamaza, lakini swali halikumtoka moyoni. Wakati wa likizo alikutana na rafiki yake muuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamweleza kwamba yeye huziweka zingali moto makusudi, zipate kuganda upesi.

Alipofaulu mtihani alikwenda Iringa, shule ya Mkwawa, mahali palipo leo chuo kikuu cha kufundishia walimu. Somo la kwanza la fizikia lilikuwa juu ya joto, naye akauliza tena. Safari hii aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya watu wote. Wenzake wakaipenda dhihaka hiyo. Kila alipokosea hesabu, wakasema hiyo ndiyo hesabu ya Mpemba.

Hebu wazazi, jiwekeni mahali pake. Mtoto ameona kwa macho yake, amehojiwa na mwalimu, amechekwa na darasa zima. Wangapi wangeendelea? Mpemba aliingia maabara ya biolojia, akachukua vyombo viwili vilivyo sawa, kimoja akatia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka katika friji. Saa moja baadaye chombo kilichokuwa cha moto kilikuwa na barafu nyingi zaidi.

MGENI KUTOKA DAR ES SALAAM

Ndipo alipofika shuleni Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Wanafunzi waliporuhusiwa kuuliza, Mpemba akasimama na swali lake lile lile: kwa nini maji ya nyuzi 100 yaganda mbele ya maji ya nyuzi 35? Wenzake wakaona aibu. Mgeni akatabasamu, akamwuliza kama kweli amelijaribu. Mpemba akakubali. Basi Osborne akasema kwamba yeye hajui sababu, lakini atajaribu akirudi Dar es Salaam.

Alitimiza ahadi. Fundi wake wa maabara alijaribu, akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Lakini majaribio mengine yalionyesha vile vile: maji yaliyoanza na nyuzi 25 yalichelewa kuanza kuganda kuliko yale yaliyoanza na nyuzi 90. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne waliandika habari hiyo pamoja katika jarida la Uingereza, Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, karibu na Moshi.

Sababu yake ni nini? Wengine husema maji ya moto hupungua kwa mvuke. Wengine kwamba yanazunguka ndani ya chombo na kutoa joto juu. Wengine kwamba chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu wa friji na kukaa vizuri juu ya ubaridi. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliahidi paundi 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 wataalamu wengine walipima kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba jambo hili lipo. Ubishi haujaisha.

Ubishi huo haumpunguzii Mpemba heshima. Wataalamu hawa nao wamefanya alivyofanya yeye: wamepima.

Basi wewe mama unayeuza barafu za vifuko, mwanao akikuuliza habari hii, mpe nafasi katika friji. Atie vifuko viwili vilivyo sawa, kipimo kimoja, maji ya bomba moja, kimoja baridi na kimoja cha uvuguvugu mkali usiomwunguza mikono wala kuharibu kifuko. Aviweke mbalimbali, atazame kila nusu saa na kuandika. Arudie siku ya pili na ya tatu, akibadilishana mahali pa vifuko, maana jaribio la mara moja laweza kudanganya.

Na akikuuliza jambo usilolijua, fanya kama yule mgeni wa Mkwawa. Mwambie hujui, kisha mjaribu pamoja.